Shimo Lililokataa Kuvuja

Fundi Hakivuji alipoingia stoo asubuhi ile, mchoro ukiwa umeviringishwa kwapani kama mkeka wa msibani, Kidole alijua kabla mzee hajafungua kinywa kwamba macho yake yamekwisha. Fundi mwenye macho husoma mchoro nje, juani, mbele za watu, huku akijikuna tumbo. Anayeuleta kwenye giza la stoo, katikati ya mifuko ya saruji na makopo ya misumari, huyo ana lake jambo.

"Kidole, hebu nisomee hapa. Miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani hana. Hajawahi kuwa nayo hata ya kuazima.

"Pole, mjomba," Kidole akasema. "Lete."

Mtunza stoo huyu alikuwa mpwa wake wa damu, mtoto wa dada yake marehemu, na jina la Kidole alipewa na mzee huyu huyu. Jina la kuzaliwa analo, lakini limebaki kwenye vyeti. Mumewe anamwita Kidole. Wanawe wanaitwa watoto wa Kidole. Hata mkunga aliyemzalisha alimwambia sukuma, Kidole, sukuma.

Ilikuwa hivi. Hakivuji alijenga matangi ya maji miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemgongea mlango kulalamika kwamba tangi lake linapoteza maji. Waliomgongea walikuwepo, tena wenye hasira, lakini hao walikuja kwa habari za wake zao. Matangi yake yalikuwa safi. Likikauka tangi, liwe lake au la mwanafunzi wake, alilijaza mpaka shingoni, akachora mstari wa mkaa pale maji yalipofikia, akaenda kulala. Asubuhi maji yakikutwa palepale kwenye mkaa, fundi ni fundi. Yakiwa yameshuka, mjenzi wake alipewa kikombe cha chai ayachote maji yote kikombe kwa kikombe, kila mtu akitazama, mpaka sakafu ionekane. Ndoo ilikuwa marufuku. Hakivuji alisema ndoo haina aibu ndani yake.

Kidole alilelewa nyumba hiyo. Akiwa na miaka kumi na saba alijenga tangi lake peke yake, nyuma ya nyumba, kwa mawe ya mabaki, kwa sababu mikono ilimwasha. Likajazwa, mkaa ukachorwa. Asubuhi maji yalikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole kimoja. Alichota kwa kikombe siku mbili. Mjomba alileta wateja waje waone, akawaambia, "Huyu mama yake naye alikuwa hivi hivi, hakuna alichoweza kukizuia." Mchumba wa Kidole alipita siku ya pili na rafiki zake. Alisimama, akacheka kidogo kwa adabu, akaenda zake akaoa pengine. Mwiko wa fundi, Kidole hakuushika tena. Alijifunza kuandika kwenye daftari la stoo, na sasa kila msumari wa kiwanja kile ulipita mkononi mwake. Miaka ishirini na sita imepita.

Akaukunjua mchoro juu ya mfuko wa saruji.

Kiwanja kilikuwa cha kituo cha afya, jengo la serikali, na siku hizi serikali ina masharti yake kuhusu mvua. Zamani majengo ya umma yalipigwa sakafu mpaka mipakani, mvua ikinyesha maji yanateremka kwa majirani kama yametumwa. Mwaka juzi maji ya ofisi moja yaliangusha ukuta wa jiko la watu huko chini, na sufuria ikaokotwa mtaa wa tatu. Ndipo likaja agizo. Lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kiwanja, ndani ya plastiki, kila mtu akilipita akienda kunywa chai: mvua inayonyesha kiwanjani iishie kiwanjani. Yachimbwe mashimo ya kunyonya maji, yajengwe kwa mawe makavu, chini paachwe udongo mtupu, maji yazame ardhini taratibu. Mkaguzi atakuja kulijaza shimo. Baada ya siku moja likutwe tupu. Lisipokuwa tupu, jengo halifunguliwi.

Msimamizi wa kiwanja, mtu wa kukimbia kutwa na pikipiki kati ya viwanja vitatu, alikuwa amesema waziwazi: fundi ambaye shimo lake litapita ndiye atakayepewa mashimo ya viwanja vyote. Lisipopita, akafungashe vyombo vyake. Kwa Hakivuji hiyo ilikuwa riziki na jina kwa pamoja. Matangi ya mawe hayajengwi tena. Ya plastiki yanaletwa na gari, yanashushwa, yamekwisha. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza baada ya miezi kumi na minne ya kukaa uani kwa mkwewe akifukuza kuku kwenye nafaka. Na mkwe naye alikuwa ameanza kumwagiza dukani.

"Soma basi," mzee akasema. "Au na wewe umesahau miwani?"

Kidole akasoma, kidole chake kikifuata maandishi. "Shimo la maji ya mvua. Upana, mita tatu. Kina, mita mbili. Ukuta wa mawe."

Mstari uliofuata ulisema mawe yapangwe makavu, bila saruji, na chini pasipigwe sakafu. Uliandikwa kwa herufi ndogo, lakini ulipigiwa mistari miwili. Kidole akaufikia. Akautazama kwa muda wa kumeza mate.

"Endelea."

"Basi, mjomba. Ndiyo hivyo."

"Na ndani? Lipu hawajasema lipu ya namna gani?"

Kidole akauviringisha mchoro, akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefunzwa. "Mjomba, wewe ndiye Hakivuji. Karatasi itakufundisha nini?"

Mzee akacheka kwa raha mpaka mabega yakatikisika. Mpwa wake hakuwahi kumwambia neno tamu namna ile. Mtu mwenye akili angeshtuka.

Shimo likachimbwa siku nne. Ukuta ukaanza kupanda, mawe yameshikana kwa saruji kama meno ya mtu mwenye hasira. Mchanganya zege wake alikuwa jamaa mmoja wa makamo aitwaye Polepole, mtu mpole mwenye buti mbili zisizofanana. Siku ya pili ya ujenzi Polepole alisimama na koleo lake akakohoa.

"Fundi, samahani. Pale mlangoni si pameandikwa hili ni la kunyweshea ardhi?"

Hakivuji hakugeuka. "Wewe ulianza lini kusoma?"

"Nasoma kidogo."

"Basi kasome kule kwenye mchanga. Mtu wa koleo akianza kusoma, zege linakuwa maji."

Watu wakacheka. Polepole naye akacheka, maana alikuwa na familia. Saa ya chai akaja dirishani pa stoo.

"Dada Kidole, mwambie mjomba wako. Wewe atakusikia."

"Ananisikia mimi tangu lini?"

"Lakini akikosea si atafukuzwa?"

"Kunywa chai yako, kaka. Inapoa."

Mifuko minane ya saruji ilitoka stoo kwa ajili ya shimo lisilohitaji hata kijiko. Kidole aliitoa mmoja mmoja, akaandika tarehe, akampa mzee kalamu atie sahihi. Mzee alitia sahihi palipo karibu na mkono wake. Kila mfuko ulikuwa nafasi ya kusema neno moja tu, "mjomba, ngoja." Neno lilikuja mpaka kooni, likakuta mlango umefungwa, likarudi.

Siku ya tano mzee alipiga niru, ile saruji laini ya mwisho, peke yake, amepiga magoti ndani ya shimo, akipapasa kwa kiganja pale macho yalipogoma. Alipomaliza akamwita Kidole aje aone. Kidole akaja akasimama ukingoni.

Ukweli lazima usemwe: lilikuwa zuri. Lilikuwa laini kama ndani ya ganda la yai, duara kamili, na pale ukuta ulipokutana na sakafu palikuwa na kona ya mviringo ambayo hakuna fundi mwingine aliyeiweza. Kidole alilitazama, moyo ukamlegea. Niru ilikuwa bado mbichi. Ingekwanguliwa kwa koleo nusu saa tu, sakafu ikavunjwa, mawe yakapangwa upya, na mkaguzi asijue. Akafungua mdomo.

"Mjomba..."

"Angalia vizuri," mzee akamkata. "Hivi ndivyo inavyofanywa. Siku zile ungeangalia vizuri, leo usingeitwa ulivyoitwa."

Kidole akafunga mdomo. "Kweli, mjomba," akasema. "Limependeza. Lifunike lisipigwe na jua."

Mkaguzi alikuja siku shimo lilipokomaa, mtu mfupi mwenye mwavuli na viatu vilivyong'aa kuliko kiwanja kilivyostahili. Msimamizi alimpokea, na kabla hajashuka shimoni kutazama, simu yake ikalia: kiwanja cha pili gari limezama. Akaruka kwenye pikipiki. Boza la maji likaja, likamwaga, mkaguzi amesimama mbali viatu visilowe, mpaka maji yakafika kiunoni mwa mtu. Mkaguzi akaomba kitu cha kuwekea alama. Hakivuji akachomoa kipande cha mkaa kilichokaa nyuma ya sikio lake tangu ujana, akachora mstari mweusi, mnyoofu kama uzi.

"Unaijua hii kazi," mkaguzi akasema kwa furaha.

"Kabla hujazaliwa, mkubwa."

"Basi kesho saa hizi hizi."

Wakapeana mikono. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake anatumaini kitu kile kile.

Kesho yake Hakivuji alikuja amevaa shati na suruali ya harusini. Alisimama kando ya shimo tangu asubuhi, akimwita kila apitaye aone. Mafundi wa bati walishuka juu ya paa. Waliosoma karatasi ya mlangoni walitazamana, hakuna aliyesema kitu, maana utamu wa namna ile hauji kila mwezi. Kidole alifunga stoo akaja, funguo kiunoni. Msimamizi naye alikuwepo safari hii.

Mkaguzi akaukunja mwavuli. Kabla hajainama mzee akamshika mkono.

"Njoo uone, mkubwa. Hayajashuka hata unywele."

Mkaguzi akainama. Maji yalikuwa yamelala palepale kwenye mkaa, yametulia, na wingu moja limo ndani.

"Hayajashuka?"

"Yashuke yaende wapi?"

"Hayajashuka hata kidogo?"

"Mkubwa, ukiona yameshuka nikate mkono huu."

"Mlijaza tena asubuhi?"

Hakivuji akaona ametukanwa. "Mimi? Waulize hawa. Mimi naitwa Hakivuji. Shimo hili utaliacha, utazeeka, wajukuu zako watakuja kuyakuta haya maji."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa fundi bati mmoja, kupitia puani. Halafu kikaenea. Mzee akatabasamu, akidhani wanamcheka mkaguzi.

Mkaguzi hakucheka. Alisema taratibu, kama anayemwambia mgonjwa. "Fundi, hili shimo ni la kazi gani?"

"Kuweka maji ya mvua."

"Kuyapoteza, fundi. Ni la kuyapoteza. Leo ilitakiwa nikute sakafu kavu. Tena sakafu yenyewe haikutakiwa kuwepo."

Mzee alibaki na tabasamu lake usoni, kama mtu aliyesahau kuvua kofia. Msimamizi alishika kichwa, akazunguka mara mbili, akaja juu.

"Mzee, nilikupa mchoro. Nani alikusomea?"

Hapo Hakivuji akaelewa. Macho yake mabovu yakamtafuta Kidole kati ya watu, yakampata, yakakaa kwake. Kidole hakuyakwepa. Alilipigia hesabu jambo hili siku ile ile ya mchoro: ili kumtaja yeye, mjomba angelazimika kusema mbele ya kiwanja kizima kwamba haoni. Na mtu yule angekufa kwanza.

"Nilisoma mwenyewe," mzee akasema.

"Ukasomaje ukaacha hii mistari miwili?"

"Nilisoma mwenyewe," akarudia.

Mkaguzi akaandika kwenye karatasi yake, akasema atarudi baada ya wiki moja, akaondoka akiruka madimbwi. Msimamizi akaokota mtaimbo, akautupa miguuni mwa mzee.

"Toboa chini maji yaende. Halafu vunja sakafu yote. Ukimaliza, chukua vyombo vyako."

Hakivuji aliutazama mtaimbo ule. Kutoboa kulikuwa kazi ya pigo moja. Lakini katika maisha yake alikuwa hajawahi kutoboa tangi lenye maji, na mkono ulikataa.

"Nitayatoa kwanza," akasema kwa sauti ndogo. "Nitavunja likiwa tupu."

"Yatoe kwa masikio kama unapenda," msimamizi akasema, akawasha pikipiki.

Mzee akamfuata Kidole mpaka dirishani pa stoo. Nyuma ya Kidole palikuwa na ndoo kumi na mbili, zimeingiliana, zinamtazama.

"Nipe ndoo."

"Zimetoka zote, mjomba."

Akanyoosha mkono kwenye misumari inapotundikwa vikombe vya chai. Vizuri aliviruka. Akachagua kimoja cha kijani chenye ufa kuanzia mdomoni hadi kitakoni, akakiweka dirishani, akaandika: kikombe, kimoja. "Tia sahihi. Kirudi kabla ya saa kumi."

Mzee alikipapasa, ufa akausikia kwa kidole gumba. Alikwenda, akapandisha suruali ya harusini, akashuka shimoni, akaanza kuchota. Alipokiinua kikombe kilikuwa kimejaa. Kilipofika ukingoni kilikuwa nusu, na nusu nyingine ilishamrudia mikononi na shingoni. Watu walitazama, wakahesabu vikombe kwa sauti mpaka mia mbili, wakachoka, wakarudi kazini. Polepole peke yake hakutazama. Alipakia mchanga kwenye toroli iliyokwisha kujaa.

Ilipofika saa tisa mstari wa mkaa ulikuwa haujaachwa na maji hata kwa upana wa ukucha. Kidole akasikia kitu kifuani ambacho hakukipenda. Alitegemea atashiba, lakini utamu ulikuwa umemwisha tangu kikombe cha hamsini, na mtu aliyekuwa mle shimoni alikuwa mzee aliyelowa, shati limemganda mbavuni, mwenye pua ya mama yake. Akachukua ndoo mbili, akaenda.

"Mjomba, toka huko. Wametosheka. Nimekuletea ndoo, na Polepole atakusaidia."

Hakivuji hakuinua uso. Alichota, akamwaga.

"Tangi lako halikuvuja."

"Tangi gani?"

"Lile lako. Nyuma ya nyumba." Akachota tena. "Niliamka kabla yako. Maji yalikuwa palepale. Nikaufuta mkaa, nikachora mwingine, upana wa kidole juu ya maji."

Kidole alibaki ameshika ndoo. "Ukafanya hivyo kwa nini?"

"Lilikuwa zuri. Kuliko la kwangu la umri ule. Watu walishaanza kuuliza limejengwa na nani."

"Na leo unaniambia ya nini?"

Sasa mzee akainua uso, na labda alidhani anatoa zawadi. "Umenisomea nusu. Na mimi nilikuchorea uongo. Basi tumekuwa sawa, mwanangu. Lete hiyo ndoo."

Kidole akaziweka ndoo chini, mbali na ukingo. Akafunga kanga vizuri kiunoni. Akaokota mtaimbo, akashuka shimoni, maji yakampanda mpaka kiunoni, baridi kama yale ya miaka ishirini na sita.

"Kidole, usi..."

Alipiga mara moja, katikati, kwa nguvu zote za mtu aliyebeba saruji maisha yake yote. Niru ilipasuka kwa sauti ndogo, kama sahani ndani ya maji. Povu likapanda. Mzee akatupa kikombe, akapapasa kwa miguu mpaka akalipata tundu, akaliziba kwa kisigino. Akasimama hivyo, mikono ameitandaza, mtu mzima mwenye wajukuu amekanyaga tundu.

"Ondoa mguu, mjomba."

"Nakuomba."

"Ondoa mguu."

Hakuuondoa. Kidole akausogeza mtaimbo hatua moja, akapiga tena. Halafu tena, na tena, akimzunguka, mpaka kisigino kimoja kikawa hakina maana yoyote. Maji yalianza kwenda, taratibu, kama agizo lilivyotaka. Mstari wa mkaa ukabaki juu peke yake, na chini yake ukuta wenye unyevu, upana wa kidole kimoja.

Kidole akanyoosha mkono, akachomoa mkaa nyuma ya sikio la mjomba wake, akamtia kiganjani.

"Haya. Chora."

Mzee akachora. Mstari wa kwanza uliopinda katika maisha yake.

Saa kumi kasoro alikuja dirishani, vyombo vyake vimefungwa kwenye mfuko mtupu wa saruji, maji yakimtiririka kwenye mikunjo ya shati. Akakiweka kikombe cha kijani mbele ya mpwa wake.

"Kikombe chako kinavuja," akasema.

"Ndivyo serikali inavyotaka siku hizi, mjomba."

Akamfungulia daftari, akampa kalamu. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, kalamu ikitembea hewani ikitafuta mstari. Kidole hakumwonyesha. Mwishowe mzee akatia sahihi yake kidole kimoja juu ya mahali pake, palipoandikwa misumari ya bati, akanyanyua mfuko wake akaondoka. Kidole aliona. Akalifunga daftari.